Kilio Bila Maiti

Ungemwoza binti yako kwa mwanaume ambaye kazi yake ni kukaa chini na kunyamaza?

Usikimbilie kusema ndiyo. Binti ni wako, umemlea mwenyewe, na huyu hapa Ephraïm Kapya ameketi kwenye kochi lako, mrefu, mwembamba, suruali ina madoa ya rangi magotini. Unamuuliza kazi yake. Anakujibu kwa adabu zote, "Mama, minafanya performance." Mama Mbambu alipojibiwa hivyo alikaa akisubiri, kwa sababu alidhani sentensi haijaisha.

"Performance ya nini?" akauliza mwishowe.

"Ya mwili, Mama."

Emmanuella, binti mwenyewe, alifumba macho.

Mama Mbambu ametoka Butembo. Hapa Lubumbashi anauza unga, sukari na mafuta kwa jumla, na madereva wanaomletea mizigo wanamwogopa kuliko wanavyoyaogopa mashimo ya barabarani. Hakukataa posa. Alisema jambo zito zaidi: "Siku moja nitakuya kumuona akitumika, akifanya ile kazi yake. Nikiona kwa macho yangu kama iko kazi, bazazi bake bakuye tuongee. Nikiona ni muchezo, Emma, usinitajie tena ile jina."

Kapya alitoka pale akicheka peke yake kwa furaha. Mimi niliyekuwa nikimngoja kwenye geti sikucheka.

Kapya ni rafiki yangu, nami nimesoma sanaa chuo kikuu. Naamini kabisa kwamba msanii ni mfanyakazi kama mchimbaji na mwashi, na kwamba mji unaojua bei ya kobalti kila asubuhi lakini haujui jina hata la mchoraji wake mmoja ni mji uliolala na viatu. Nimeshayasema haya baa, nimeyasema ndani ya basi, na nimeyasema katika harusi ya dada yangu, ambako walininyang'anya kipaza sauti.

Basi, huyu Kapya ni nani? Amezaliwa Makomeno, katika nyumba ya baba yake, Papa Adalbert, mstaafu wa reli na mtoto wa mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga. Mzee ni mjane. Anapokwenda misa bado anavaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, na ana kikohozi kinachomtangulia kama honi ya treni. Alitaka mwanawe awe fundi wa injini. Mwanawe akawa anachora injini.

Baadaye akachora mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye familia nyingi hapa humtundika sebuleni juu ya kochi, kwa matumaini ya bahati. Kapya alikuwa na mkono mzuri. Tatizo lilikuwa wateja. Mmoja alirudisha mchoro akilalamika kwamba ile sura ni ya shemeji yake mtupu, na mke wake ameshaanza kuuliza maswali. Mwingine aliomba yule mwanamke avalishwe blauzi kwa sababu mchungaji anakuja Jumapili. Kapya akamvalisha. Majirani wakaipenda blauzi, nao wakaagiza zao. Siku moja nilimkuta akichora kola ya lesi kwa uso wa mtu anayechimba kaburi.

"Miye nilitaka kuchora mayi ya muto," akaniambia. "Sasa niko mushonaji wa samaki."

Akaweka brashi chini, akageukia ardhi yenyewe. Alikwenda Ruashi, kwenye uwanja mtupu upande wa mgodi, akachora kwa chokaa mstari mmoja mkubwa unaozunguka na kuzunguka kama gamba la konokono. Ilikuwa kazi ya ajabu. Niliandika kurasa nzima juu yake. Ila tulisahau tuko wapi. Ruashi, mstari mweupe kwenye ardhi tupu una maana moja tu: viwanja vinagawanywa. Tuliporudi na mpiga picha tulikuta familia zimeketi ndani ya konokono na sufuria zao na vigingi vyao, na bwana mmoja asiyejulikana ametoka wapi anawaonyesha watu viwanja vya kona.

"Kona gani?" nikapiga kelele. "Hii ni duara!"

"Njo maana ziko chache," akanijibu.

Leo pale kuna mtaa. Wenye pikipiki wanaulaani kwa sababu unaingia na hutokezi. Mimi nilikasirika wiki nzima. Kapya alicheka mpaka akakaa chini. "Bantu banaishi ndani ya kazi yangu," alisema. "Weye unataka nini tena?"

Nilitaka waitazame! Hilo ndilo nililotaka. Siyo kuitumia, kuitazama.

Sasa tufike kwenye mti. Mbele ya nyumba ya Papa Adalbert, pembeni ya barabara, ulikuwepo mjakaranda mkubwa. Mtu fulani aliukata ili apate nafasi ya kuweka kontena la duka, na kontena lenyewe mpaka leo halijafika. Mti ulipokuwa umesimama, Papa Adalbert aliutukana kwa sababu maua yake yaliganda kwenye koti. Ulipoanguka akalitukana jua. Kapya yeye aliketi karibu na kisiki jioni nzima, kisha akasema, "Hakuna hata mumoja mwenye kuulilia."

Hapo ndipo kazi ilipozaliwa. Angeufanyia mti kilio. Angekaa kando ya kisiki tangu jua kuchomoza hadi kuzama, mwili mzima umepakwa majivu, bila kula, bila kunywa, bila kutoa neno. Angelaza matawi ya mti wenyewe barabarani, huku na huku, kama tunavyofanya nyumba ikifiwa, ili magari yapunguze mwendo. Viti vya plastiki, mbabula, yaani jiko la makaa, basi. Kesho yake asubuhi angefagia majivu yeye mwenyewe, peke yake, kwa sababu kwetu mgeni akishalia anakwenda zake. Kufagia mahali pa kilio ni kazi ya watu wa nyumba ile.

Mimi nilitengeneza ubao wenye maandishi makubwa: MAOMBOLEZO YA MTI. Kapya akaukataa.

"Ukiandika, batasoma, bataenda," alisema.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Mama Mbambu aliahidi kuja. Papa Adalbert alikuwa amelala Kipushi kwa dada yake. Na sisi wawili, watoto wa Lubumbashi hii hii, hatukuona kitu ambacho hata mlevi wa hapa angekiona: matawi barabarani, viti mbele ya nyumba, mtoto wa nyumba kapakwa majivu, na mzee haonekani.

Asubuhi haikuwa imechangamka vizuri, watu wakaanza kuja. Waliingia polepole, wameinamisha vichwa, wakaketi. Wengine walileta makaa. Walimtazama Kapya bila kusema neno. Hatimaye, nilijiambia, umma wenye akili. Jirani mmoja akaninong'oneza sikioni:

"Ilikuwa kikohozi?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa msumeno."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bamukata?"

"Mchana kweupe," nikamwambia, na hasira zangu zote zikapanda. "Mbele ya mtaa mzima! Na hakuna aliyefungua kinywa. Hata wewe."

Yule bwana alitoka pale akiyumba. Sikuelewa kwa nini wanawake wa nyumba ya pili walianza kupiga mayowe.

Mama Mbambu alifika kwa teksi pamoja na Emmanuella. Nilimwona akichungulia dirishani, akaona matawi, akaona viti, akampiga dereva begani, na teksi ikageuza. Nilimtazama Kapya. Ndani ya majivu yale niliona macho yake yakifuata teksi mpaka ilipopotea kwenye kona. Lakini alikuwa ameahidi kutonyanyuka.

Kumbe mtu wa Butembo haingii kwenye kilio mikono mitupu. Alirudi na pikapu. Nyuma mlikuwa na gunia la unga, dumu la mafuta, na akina mama wa kanisa lake, wote na kitenge kimoja, wakiimba. Mama Mbambu alishuka akilia kwa sauti iliyosimamisha mbwa.

"Adalbert yoo! Hata hatuyaonana, Adalbert! Hata bukwe ya batoto hatuyaongea!"

Ndipo nikaelewa.

"Mama," Emmanuella alimvuta kitenge. "Mama, ni kazi. Ile kazi njo hii."

"Lelo hatumiki, Emma. Baba yake amekufa."

"Hapana, Mama, hii kilio njo kazi yake."

Mama Mbambu akageuka. "Kufa kwa baba yake njo kazi yake?"

Nikajitosa. "Mama, niruhusu nieleze. Hapa mwili wa msanii umekuwa mahali ambapo mji mzima—"

"Weye uliyesoma," akanikata, "pa kilio unafunga kinywa. Muangalie mwenzako. Anajua heshima."

Kwa kweli Kapya alikuwa amenyamaza kama kisiki chenyewe. Jasho lilichora mistari kwenye majivu ya uso wake. Angeweza kusema neno moja tu, "Baba yuko Kipushi," na yote yangekwisha. Lakini neno hilo lingeua kazi, na kazi ndiyo aliyoitiwa Mama Mbambu. Mama akaketi chini karibu naye, akamshika bega, akaendelea kulia. Akina mama wakaweka sufuria motoni.

Hapo akatokea mzee Chomba.

Ukoo wa Chomba na ukoo wa Papa Adalbert ni watani tangu kwa babu zao. Kwetu mtani ana kazi yake kwenye msiba: kumtukana marehemu, kuigiza mwendo wake, kuzuia maiti isitoke mpaka alipwe kitu. Chomba alikuwa ameisubiri siku hii miaka mingi. Aliingia nyumbani bila kubisha, akatoka amevaa koti la reli lenye vifungo vya shaba na kofia ya Papa Adalbert imefika masikioni. Akakohoa kile kikohozi. Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko katikati ya machozi.

"Miye Adalbert!" akatangaza, huku akitembea kifua mbele. "Miye njo treni! Nikipita, hata gari ya mukubwa inasimama! Maisha yangu yote sikumupa muntu kitu, hata homa! Nani anasema nimekufa? Nimechelewa tu, kama kawaida ya treni!"

"Ule mwenda wazimu ni nani?" Mama Mbambu aliniuliza, macho yamemtoka.

"Ni mtani, Mama. Ni haki yake."

"Kutukana maiti?"

"Akikosa kumtukana, Mama, ndiyo aibu."

Lazima niseme ukweli hapa, hata kama unaniuma. Nimehudhuria maonyesho mengi yenye taa na mvinyo. Sijawahi kuona umma umeshikwa namna ile. Na Kapya katikati, mweupe wa majivu, hacheki, hatikisiki, kila kitu kikimzunguka.

Chomba akajilaza juu ya kisiki. "Maiti haitoki hapa! Kuku kwanza!"

Na kweli kuku akalia. Alilia kutoka barabarani, chini ya kwapa la Papa Adalbert, aliyekuwa anavuka matawi akitokea Kipushi.

Sitaeleza jinsi watu walivyokimbia. Kuna mtu alipanda ukuta na kiti chake. Akina mama wa kanisa walianza sala ya kufukuza pepo kwa sauti tatu. Papa Adalbert hakumtazama hata mmoja wao. Alikuwa anamtazama Chomba.

"Miye minakohoa vile?"

Chomba aliinuka polepole kutoka kwenye kisiki. "Unakohoa mubaya kuliko vile. Nilikusaidia."

"Vua koti langu, jambazi."

"Na weye rudi kufa. Bantu beko na njaa, chakula iko pa moto, unakuya kuharibu na bubaya ya kuwa muzima."

"Nani alisema nimekufa?"

Watu wote, hata wale wa juu ya ukuta, wakamtazama Kapya. Kapya akanyoosha kidole, taratibu sana, akagusa kisiki.

Kimya kikaanguka. Nadhani ndicho kimya ambacho Kapya alikuwa amekitafuta mwaka mzima, ila kilikuwa cha hasira. "Muti?" mtu akasema. "Niliacha duka nikuye kulilia muti?" Emmanuella alikuwa amebana mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Sote tulimgeukia mtu mmoja.

Mama Mbambu alikuwa bado ameketi chini. Na alikuwa bado analia.

Papa Adalbert alimwendea, kuku mkononi, amefadhaika. "Mama, basi. Machozi inatosha. Unaniona, niko muzima."

"Leka nimalize," akasema Mama Mbambu.

"Lakini Mama, miye—"

"Siyo weye minalilia."

Emmanuella ndiye aliyetuambia, kwa sauti ya chini. Baba yake, Muhindo, alikuwa dereva wa lori. Alitoka Butembo kuelekea Beni na mzigo wa saruji. Lori lilionekana, mwenyewe hakuonekana. Kwa kuwa hakuna mwili, hakukuwa na kilio. Watu wa kanisa walimwambia mke angoje, na Mama Mbambu akangoja, akahamia huku na binti yake, akafungua bohari, akangoja tena. Hakuwahi kuketi chini mahali ambapo matawi yamelazwa barabarani kwa ajili ya Muhindo.

Hakuna aliyeondoka. Waliokimbia walirudi. Mama mmoja akakoroga bukari, ugali wetu, kwa sababu unga ulioingia kwenye kilio hakuna wa kuurudisha dukani. Chomba alivua kofia, akaigeuza geuza mikononi.

"Mama," akauliza, "bwana yako alikuwa anatembea namna gani?"

Mama Mbambu akafuta uso. "Hakuwa mutembeaji. Alikuwa anaendesha. Kichwa inje ya dirisha."

"Kama hivi?"

"Inje zaidi. Na alikuwa anatukana bambuzi."

Chomba akaketi kwenye kiti cha plastiki, akashika usukani usiokuwepo, akatoa kichwa nje, akawatukana mbuzi wote wa barabara ya Butembo. Lori halikuwaka. Alishuka, akalipiga teke, akaliomba msamaha, akapanda tena. Papa Adalbert, ambaye dakika chache kabla alikuwa maiti, alikwenda nyuma kulisukuma. Mama Mbambu alicheka. Akalia, akacheka tena, na bega la Kapya halikuachwa muda wote huo.

Baadaye Chomba alimshika kuku.

"Hiyo ni yangu," Papa Adalbert akasema.

"Nilitumika," akasema Chomba. "Nilikuzika vizuri. Kama haukuingia mu shimo, siyo kosa yangu."

Mama Mbambu alisikia. Akamtazama Kapya kwa muda mrefu, kwa jicho lile analotumia akikagua gunia kama lina unyevu. "Na huyu?" akauliza. "Tangu nifike hajakunywa hata mayi."

"Mpaka jua lizame, Mama," nikasema. Sikuongeza neno.

Jua lilipozama nilikuwa nimesimama na kalamu yangu, tayari kuandika neno la kwanza la msanii. Kapya akafungua midomo iliyokauka.

"Mayi," akasema.

Mama Mbambu alimpa kikombe, akachukua sufuria zake, akapanda pikapu na wenzake, akaenda bila kuaga. Hakusema ni kazi. Hakusema ni mchezo. Kapya hakulala, najua, kwa sababu alinipigia simu mara nyingi kuniuliza nilionaje namna Mama alivyofunga mlango wa gari.

Kesho yake asubuhi nilirudi kuchukua viti. Ilikuwa Jumapili, barabara haina gari. Papa Adalbert, amevaa koti lake la vifungo vya shaba, alikuwa anabeba matawi kuyaondoa barabarani. Kapya alikuwa anafagia majivu kuzunguka kisiki, na alikuwa anafagia vibaya, vumbi lote linapanda juu.

Upande wa pili wa kisiki Mama Mbambu alikuwa ameinama, kitenge cha jana kiunoni, anafagia na ufagio aliotoka nao kwake. Pikapu ilikuwa pembeni. Emmanuella alikuwa ameketi ndani yake, mkono mdomoni, hathubutu kushuka.

Papa Adalbert alimwona. Alisimama na tawi lake, akavua kofia, akabaki hivyo.

Mama Mbambu alikohoa kwa vumbi, akanyooka, akashika kiuno.

"Mwaga mayi kwanza, mukwe!" akafoka. "Nani alikufundisha kufagia?"

Kapya aliangusha ufagio. Alikimbia uani kuchota maji, akarudi mbio na ndoo, na alipofika kwenye kisiki nusu yake ilikuwa tayari imemwagika njiani.